Kilichokua Edani

Nguo ya mamangu ya kutokea eda niliishona mwenyewe, na haikumkaa. Mimi ni fundi wa cherehani, kibanda changu kiko Likoni nyuma ya soko. Wateja wamewahi kunirudishia nguo kwa sababu ya rangi, kwa sababu ya kuchelewa, na zaidi kwa sababu ya mdomo wangu, maana sijui kunyamaza mtu anapotaka mshono ambao kitambaa chake hakitoshi. Kwa kipimo hajanirudishia mtu. Mama ndiye peke yake aliyekataa kupimwa. Nilimwendea na utepe shingoni akaniondoa kwa mkono, akasema, "Shona kwa kipimo kile cha zamani. Mwili wangu wewe waujua." Nikaamini kuwa naujua, nikashona.

Wakati huo baba alikuwa na miezi minne kaburini. Alikuwa karani wa wakala wa kutoa mizigo bandarini, Kipevu, na maisha yake yote ya kazi alivuka feri asubuhi akarudi alasiri. Hata alipostaafu aliendelea kuvuka mara kwa mara, akisema anakwenda kuwasalimia wenzake, ingawa mama alisema anakwenda kuyasalimia makontena. Asubuhi moja presha ilimwangusha akitia udhu. Alasiri ya siku hiyo tulikuwa tumeshamzika, na mama akaingia eda.

Kwetu mjane hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hajipambi, hatii wanja wala manukato, hatoki nje ila kwa dharura. Hiyo ndiyo dini, na sina neno nayo. Lakini dini ikiingia nyumbani kwetu haiji peke yake, huja na mila, na mila yetu ilikuja na shangazi. Huyu ni dadake baba, mkubwa wake, aliyetoka Kisauni na begi lake siku ya mazishi akahamia kwetu moja kwa moja ili amwangalie kizuka, maana ndivyo tunavyomwita mjane aliye ndani. Ni mwanamke mwembamba, mkavu, asiyecheka ovyo na asiyesema uongo hata wa kumpendeza mgeni. Ukimpikia pilau mbaya atakwambia ni mbaya, kisha aimalize. Siku ya kwanza tu alikigeuza kioo cha kabati kikatazama ukuta, kwa kuwa kizuka hajitazami. Akashusha mapazia ya maua akatundika shuka nyeupe. Nilimuuliza hayo ameyasoma wapi.

"Sikuyasoma," alinijibu. "Nimeyakuta."

Mama hakubisha, na katika nyumba ile mama ndiye aliyekuwa na haki ya kubisha, maana ndiye mwalimu. Watoto wa mtaa wetu, na sasa watoto wa watoto hao, wamesomea Kurani kwenye mkeka wa ukumbi wetu, mama akiwasahihisha bila kuutazama msahafu. Alikuwa na pumzi ndefu. Aya ambayo wengine huikata mara tatu yeye aliifikisha mwisho kwa pumzi moja, na alijivunia kidogo, ingawa alisema kujivuna ni dhambi. Alipoingia eda aliwapa watoto likizo akawa anasoma peke yake, anamsomea baba. Nilipofunga kibanda jioni na kwenda kumwona, nilimkuta hivyo, amejikunja upande mmoja, mkono wa kushoto ameubana ubavuni. Nilidhani huzuni ndiyo inayomkunja.

Siku moja nilimkuta amejibandika kitambaa cha maji moto na chumvi kwapani. Akasema ni jipu. Ulikuwa msimu wa kaskazi, na Likoni joto lile kila mtu ana jipu mahali. Nikamletea dawa ya kupaka kutoka duka la dawa, akanishukuru, akaiweka dirishani. Siku nyingine nilimwona akilala, akautafuta mto kwa mkono auweke chini ya kwapa kabla ya kulala upande wa kulia. Nikamuuliza kama jipu halijapasuka. Akaniambia majipu mengine hayana haraka.

Siku ya kutoka eda wanawake walijaa uani tangu asubuhi. Mbuzi amechinjwa, sinia za halua zimefunikwa, udi unafuka vyumbani. Desturi ni kwamba mjane huogeshwa, huvikwa nguo mpya, hutiwa manukato, kisha huja akaketi kati ya wenzake ikasomwa dua. Shangazi alikuwa amekwisha kuandaa maji yenye asmini. Mama akasema ataoga mwenyewe. Shangazi alisimama na ndoo yake mkononi kama aliyenyang'anywa zamu, lakini akaiweka chini. Tukasikia maji yakimwagika, kisha kimya, kisha sauti ya mama ikaniita.

"Abee," nikaitikia.

"Njoo unitie mkono. Hini nguo imenishinda."

Alikuwa amesimama amenipa mgongo, nguo imekwama kichwani na begani, mkono wa kushoto hauinuki. Nikaingia nikaanza kuivuta nguo nikinung'unika kuwa nimeikosea wapi. Ilikaza upande wa kushoto wa kifua. Upande wa kulia ilikuwa sawa kabisa. Nikamgeuza nione ilipokamata, na hapo nikaliona ziwa lake. Ngozi ilikuwa ngumu na nyekundu, ina vishimo kama ganda la chungwa, na chuchu imezama ndani mpaka haionekani. Kwapani palikuwa na vinundu vimeshikana chini ya ngozi. Nilipovigusa havikusogea.

"Usipige ukelele," mama akasema. "Wageni wako nde, uani."

Sikupiga. Nilichukua wembe nikaufumua mshono wa ubavuni kuanzia kwapani mpaka kiunoni, nikambana na pini mbili, nikamfunika leso mpya juu. Akatoka akaketi penye zulia, akanukia udi na asmini, wanawake wakambusu wakamwambia eda imempendeza. Aliwajibu wote mmoja mmoja. Mimi nilikaa jikoni na wembe mkononi. Nilikuwa na hofu, na hofu kwangu haikai muda mrefu kabla ya kugeuka hasira. Kabla ya halua kwisha nilikuwa nimeshajua wa kumkasirikia.

Kesho yake tulivuka feri kwenda hospitali mjini. Ndiyo mara yake ya kwanza kutoka nje tangu kifo cha baba, na macho yake yaliuma kwa jua. Wakampiga picha za ziwa, wakamkata kinyama kidogo kwa sindano nene wakakipeleka kupimwa, wakatuambia turudi. Tuliporudi tulimkuta daktari mwanamke, kijana, mtu wa bara kwa matamshi yake, na Mungu ambariki kwa kuwa hakutuharakisha. Alilitaja jina la ugonjwa pale pale mwanzoni, saratani, wala hakulizungukazunguka. Mama akamwambia, "Nieleze, mwanangu. Mimi ni mwalimu, n'tafahamu. Yaanza wapi?"

Akaeleza. Nilivyomfahamu ni hivi. Ndani ya ziwa mna vijifuko vinavyotengeneza maziwa na mirija inayoyaleta kwenye chuchu, na mirija hiyo imetandikwa seli upande wa ndani. Mwili hutengeneza seli mpya kila siku, nazo za zamani hufa, na kila seli inajua mpaka wake. Itokee moja katika kujigawa ikaharibika, isife wakati wake, isisikie inapoambiwa basi. Inajigawa zikawa mbili, nne, na kila mtoto wake anarithi lile kosa la mama. Hilo nililifahamu haraka, kwa sababu ukikosea kipimo kwenye karatasi ya kukatia, utashona nguo zote za harusi kwa kosa hilo hilo. Daktari akasema hali hiyo inaweza kukaa miaka ndani ya mrija, haiumi, haishikiki kwa mkono. Kisha inafika siku seli zinatoboa ukuta wa mrija na kuingia kwenye nyama ya ziwa. Huko zinajivutia mishipa ya damu ya kuzilisha. Ndipo mtu anagusa akaona pana kidonge.

"Kwapani je?" mama akauliza.

"Kwapani kuna tezi, mama. Kazi yake ni kuchuja maji ya mwili, kunasa uchafu. Seli zikibanduka kwenye titi zinabebwa na hayo maji, tezi zinazinasa. Lakini zinanasa mpaka zinajaa. Halafu zingine zinaingia kwa damu, na damu inafika kila mahali. Nyingi zinakufa njiani. Chache zinapata mahali zinapapenda: mifupa, ini, mapafu, kichwa."

Mama akafikiri. Akauliza kama ikifika mfupani inakuwa saratani ya mfupa.

"Hapana. Inabaki ile ile ya titi. Hata iende mbali aje, ukiipima unajua ilitoka wapi."

"Basi ni kama mtu wa Lamu," mama akasema. "Hata akakae Ulaya, akifungua kinywa wamjua."

Daktari alicheka, na mama akacheka. Mimi sikucheka. Tulipotoka mama alishika kifua chake juu ya baibui akasema polepole, si kwangu hasa, kuwa kumbe si mdudu wala si kijicho cha mtu, ni nyama yake mwenyewe. Aliyasema kwa aibu, kama mtu aliyeambiwa kuwa mwizi ametoka nyumbani mwake.

Picha ya mwili mzima ilionyesha madoa kwenye uti wa mgongo na kwenye nyonga. Yale maumivu ya mgongo aliyosema ni ya kukaa sana chini, hayakuwa ya kukaa. Daktari alitwambia wazi kuwa ugonjwa ukishatoka kwenye ziwa na kwapa ukaingia mifupani hauponi, ila hutibiwa ili upunguze mwendo, na mtu anaweza kupata muda. Mama akasema amefahamu. Nilimwacha kwenye benchi nikamrudia daktari peke yangu, nikamuuliza jambo moja: mama alikigusa hicho kidonge ndani ya mwezi wa kwanza wa eda, nilishamtoa maneno, je, lau angekuja siku ile?

Alinivutia kiti. "Pengine wakati huo ilikuwa haijatoka kwapani, na tungeitibu ikaisha. Pengine ilikuwa ishafika kwa mifupa kitambo. Hiyo siwezi kukwambia. Na mtu yeyote akikwambia anajua, anakudanganya."

Ningependa zaidi anidanganye. Kutojua ni kubaya kuliko jibu lolote kati ya yale mawili. Nilirudi nyumbani nimebeba neno "pengine" na nikalitua kwa shangazi. Alikuwa jikoni amekalia mbuzi anakuna nazi. Nikamwambia mila zake zimemla mamangu, kwamba alimfungia mgonjwa ndani, akamgeuzia kioo asijione anavyoharibika, na sasa aje aone alichokichuma. Alisikiliza mpaka mwisho. Alimaliza kukuna nazi ile, akachuja tui, akampelekea mama uji wake. Tangu siku hiyo sikumwamkia. Kwetu mtu anaweza kukosana na mkubwa wake kwa mengi, lakini shikamoo humpa. Mimi nilipita mbele yake asubuhi na jioni kimya, naye alinitazama nikipita.

Na hakuondoka. Kila tulipovuka kwenda kutiwa dawa alivuka nasi, amebeba chupa ya uji na kanga ya kumfunika mama. Ile dawa ya kwanza ilikuwa nyekundu, inaingia mshipani kwa saa nyingi, na mama akienda haja maji yalikuwa mekundu pia. Nywele zilimtoka kwenye mto. Ziwa likalainika, wekundu ukapungua, na kwa muda tukajipa moyo. Aliwaita watoto wachache akawasomesha akiwa amekaa kitini. Lakini dawa ilikuwa ikiufukuza ugonjwa huku, nao unatokea kule.

Ulipokuwa ukifika nilijua kwa kuitazama swala yake. Kwanza alisali wima, akafika kwenye rukuu akashika ukuta. Uti wa mgongo ulikuwa umeanza kuliwa. Kisha akasali kitini. Kisha kitandani ameinuliwa kwa mito, na mwisho amelala, anarukuu kwa kope za macho. Ulipoingia ini macho yakawa manjano na chakula kikamnukia vibaya, hata wali wa nazi aliokuwa akiupenda. Ulipoingia mapafu niliusikia katika usomaji. Aliianza aya ndefu ikamkatikia katikati, akarudi nyuma akaanza tena, ikamkatikia palepale. Akafunga msahafu. Nilikuwa nimekaa karibu naye nashona kirinda cha mtu, nikajifanya natafuta uzi.

Siku moja, akili yake bado timamu, aliniuliza mbona simwamkii shangazi. Nikamwambia. Sikumficha kitu, maana sina tabia hiyo, na nilidhani atanishukuru kwa kumpigania.

Akaniashiria nimwinulie mto. Kisha akasema, "Wewe mwanangu umesoma kwangu. Mgonjwa aliye edani ana ruhusa ya kutoka, hana?"

"Anayo."

"Nani alokufunza?"

"Wewe."

"Basi waona mimi sikujua? Shangazi yako aliniona n'kikanda kwapa. Akanambia, 'Vaa baibui twende kwa daktari, hini ni dharura.' Yeye mwenyewe. Nikamwambia ni jipu, na nikamwapia. Yule hasemi uongo, nawe wamjua, na mtu akimwapia yuwaamini."

Nikamuuliza kwa nini. Nilimuuliza kwa sauti ambayo mtu hamwulizi nayo mgonjwa.

"Nilitaka nimkalie babako," akasema. "Nilijua nikitoka mara moja, basi. Itakuwa hospitali, dawa, foleni, watu waja wananitazama mimi. Nani angemlilia yeye? Miaka yote ile sikuwahi kukaa kitako nikamfikiria tu. Nikasema hiki cha ziwani kitangoja, ni miezi tu. Wallahi nilidhani chaweza kungoja."

Yeye alikaa ndani kama alivyofunzwa. Ugonjwa haukufunzwa kukaa. Nilimkasirikia, na nasema wazi kuwa nilimkasirikia mamangu akiwa mifupa mitupu kitandani, kwa sababu alichagua mtu aliyekwisha kufa akatuacha sisi tulio hai. Mpaka leo hasira hiyo sijui nimpe nani. Jioni ile nilikwenda jikoni nikasema, "Shikamoo, shangazi." Akasema, "Marahaba, mwanangu," akanisogezea kikombe cha chai.

Kichwa kilianza kwa kuuma asubuhi, na kutapika. Kisha akaanza kuyakosa maneno, akakiita kijiko ufunguo. Daktari alisema ndivyo, umefika huko nako. Alisema hata dawa zile kubwa nyingi haziingii vizuri kichwani, na kilichobaki ni kumpunguzia uvimbe na maumivu, tumlaze nyumbani penye watu wake. Tulimlaza ukumbini, pale penye mkeka wa watoto, ili apate upepo.

Alasiri moja akanitazama kwa macho mazuri kabisa akauliza, "Babako hajarudi kazini?"

Nikamwambia, "Mama, baba amekufa."

Sikuwahi kuona uso ukibomoka vile, hata siku yenyewe ya msiba. Siku ile alikuwa na sanda ya kuchagua, maji ya kuchemsha na wageni wa kupokea. Safari hii hakuwa na shughuli yoyote. Alilia kwa pumzi zile fupi alizobakiwa nazo, akauliza amekufa lini, amezikwa wapi, mbona hakuambiwa. Kisha akatuamuru tumletee nguo nyeupe na tugeuze kioo, aingie eda. Shangazi akamletea nguo nyeupe. Alasiri ya pili akauliza tena hajarudi, nami nikamjibu tena kweli, na akafiwa upya. Miezi ile minne aliyomkalia, kilio kile kilichomgharimu uhai, ugonjwa ulikuwa umekifuta chote. Ulimwachia msiba tu, mbichi kila alasiri.

Mara ya tatu alipouliza, nilifungua kinywa na shangazi akanitangulia.

"Ameshashuka feri," akasema. "Yuwaja. Leo pana watu wengi kivukoni."

Mama akatulia. "Asikawie," akasema, akafumba macho, akalala usingizi wa mtu aliyeolewa.

Nilimfuata shangazi jikoni. Alikuwa amesimama tu, hapiki kitu. Nikamwambia, "Shangazi, umesema uongo." Akasema, "Nimesema. Na kesho n'tasema tena, inshallah." Kisha akaketi kwenye mbuzi bila nazi akajifuta uso kwa ncha ya leso, naye ni dadake marehemu, na ni yeye aliyekuwa akimtangaza hai.

Kwa hiyo kila alasiri baba alishuka feri. Shangazi alimletea habari zake: amesimama dukani, amekutana na mtu wa Mikindani aliyefanya naye kazi, anaswali kwanza. Aliyatengeneza vizuri kuliko nilivyodhani anaweza. Mama alilalamika juu ya huyo mtu wa Mikindani, kuwa ana maneno mengi.

Siku ya mwisho sikujua kuwa ni ya mwisho. Pumzi ilikuwa ya juu juu lakini kinywa chake kilikuwa na nguvu kidogo. Baada ya swala ya alasiri akasema hawezi kumlaki mumewe na uso kama wa kizuka, atiwe wanja. Shangazi akaenda akarudi na kichupa cha wanja. Akampaka polepole, jicho moja, kisha la pili, amemshika kidevu. Mama akauliza kama umekaa sawa. Shangazi akamwambia umekaa sawa, na hilo lilikuwa kweli.

"Nenda kanitazamie babako," mama akaniambia. "Chakula chapoa."

"Yuwaja, mama."

"Sikukuuliza yuwaja ama haji. Nimekwambia nenda katazame."

Ilikuwa sauti yake ya kusomeshea. Hakuna mtoto aliyewahi kuikaidi sauti ile, na alijua siku zote nani amekwenda kutazama kweli na nani ameishia mlangoni. Nikatoka nikasimama barazani. Feri ilikuwa imetua muda si mrefu, watu wanapanda kutoka kivukoni, wamebeba mikate na vikapu, wanaume wa makamo ya baba wamekunja mikono ya mashati. Nikawatazama. Niliutazama kila uso mpaka ukanipita, mmoja baada ya mwingine, kama nilivyotumwa, hata njia ikapungua watu. Kisha nikaingia ndani nimwambie kuwa bado.

Shangazi alikuwa amekwisha kumfumba macho, na wanja ulikuwa vidoleni mwake.